Kiti cha Dereva

Mwanangu Yona,

Salamu tutapeana kesho asubuhi kwa mdomo, kwa hiyo hapa sikuandikii kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwako. Hofu ninayo mwenyewe, ya kutosha nyumba nzima. Sasa ni saa kumi jioni. Wewe unazunguka Shelui yote kuwaaga watu ambao wengine hata hawakujua kama ulikuwepo, nami nimekaa mezani na daftari la mdogo wako, nimechomoa kurasa za katikati. Akiuliza, sijui lolote.

Mambo ya kufua soksi, kula kwa wakati na kwenda kanisani sitayaandika. Shangazi yako ameshakupa maagizo hayo tangu Jumapili, na mengine ameyarudia mara tatu kwa sababu ulikuwa unatazama simu. Isitoshe, Dodoma unakokwenda si mwezini. Ukiugua utapona, ukiona njaa utakula, na ukinuka mjomba wako atakusema mpaka uoge. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelikalia miaka mingi kuliko umri wako.

Siku ile ya mwezi uliopita unaikumbuka, trafiki walipokusimamisha chini ya mlima Sekenke. Pikapu ya babu, vijana wanne nyuma wanaimba, umeyapita malori mawili kwenye kona, na leseni huna. Ulimpigia simu babu badala ya kunipigia mimi, kosa ambalo bado nalihesabu. Babu akapanda bodaboda na fimbo yake, akafika, akamwambia askari bila kupepesa macho kwamba dereva ni yeye. Eti alikuwa ameshuka kujisaidia vichakani, na mjukuu alikalia kiti tu ili kisipoe. Askari akamtazama mzee wa miaka sabini na mitano ambaye ndiyo kwanza ameshuka kwenye bodaboda mbele yake, akawaachia kwa onyo.

Jioni ulitusimulia, nyumba nzima ikacheka. Baba yako alicheka mpaka akamwaga chai. Ulimwigiza babu na fimbo yake, ukamwigiza na askari, kisha ukamalizia kwa kusema kwamba babu akiwepo wewe huwezi kufungwa. Mimi nikainuka nikaenda kufungia kuku ambao walikuwa wameshafungiwa. Ulinifuata ukaniuliza kama nina hasira. Nikakujibu kwamba moshi umeniingia machoni, na siku hiyo tulikuwa tumepikia gesi.

Haya, sababu ni hii. Unajua, kama wanavyojua watu wote wa hapa, kwamba zamani babu yako aligonga mtu na gari akamuua, na kwamba alifungwa. Uliambiwa shuleni, mtoto mmoja alipokuita mjukuu wa muuaji, ukampiga, nikaitwa mimi na mwalimu. Tulikwambia ilikuwa ajali, ukaridhika. Tangu hapo unamtania babu kwamba anaendesha kama mtu aliyebeba trei za mayai. Yona, babu yako hajawahi kugonga hata mbuzi. Aliyekuwa anaendesha siku ile ni mimi.

Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, endelea kusoma.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimemaliza darasa la saba nangoja matokeo, na kiburi nilikuwa nacho zaidi ya hiki unachokijua. Babu yako alikuwa mtu wa kwanza kijijini kwetu kuwa na pikapu. Mjomba wako alikuwa bado mdogo, hata pedali hazifikii, basi babu akanifundisha mimi, kwenye mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Sitakudanganya kwamba sikujua kuendesha. Nilijua klachi, nilijua gia, nilipita kwenye mchanga ambao wanaume walikwama. Watu walinisifia, na babu yako alisimama pembeni, naye akisifiwa. Nilichokuwa sijui ni kupunguza mwendo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunisifia kwa kupunguza mwendo.

Siku hiyo tulitoka shamba na magunia ya alizeti, mimi kwenye usukani, babu pembeni yangu. Kuna mahali barabara ile ya vumbi inanyooka kabla ya kufika lami, na kando yake majirani walikuwa wanapura alizeti yao. Nilitaka wanione. Babu akasema punguza. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaongeza, nikapiga honi, wale watu wakainua fimbo zao kutupungia. Kisha nikatazama kioo cha pembeni kuona kama bado wanapunga, lakini vumbi lilikuwa limewafunika. Nilipotazama mbele, baiskeli ilikuwa imeshafika.

Alikuwa mwanaume wa makamo, amefunga tenga la kuku nyuma ya baiskeli, anawapeleka barabara kuu kuwauzia abiria wa mabasi. Jina lake aliitwa Yona. Subiri kwanza, hapo nitafika.

Hakufa palepale. Babu alimfunika kwa shati lake, akanitazama, akaniambia niingie kwenye gari nikae upande wa abiria. Nikakaa. Yeye akazunguka, akakaa kwenye kiti nilichotoka, akashika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayejaribisha viatu. Akaniambia, "Wewe ulikuwa umekaa hapo. Sema." Nikasema. Akashuka akakimbia kuita watu. Mimi nikatoka nikakaa chini karibu na yule mtu, na kuku wake walikuwa wametoka kwenye tenga wanadonoa alizeti zilizomwagika kutoka kwenye gari letu. Watu walipofika alikuwa ameshakata roho.

Ningeweza kukuandikia kwamba nililia nikakataa, kwamba nilimng'ang'ania baba yangu asinibebee. Sikukataa. Niliona nafuu, Yona, nafuu ya mtu aliyetuliwa ndoo kichwani, na naona aibu ya nafuu ile kuliko ninavyoonea aibu mwendo kasi wenyewe. Mwendo kasi ulikuwa utoto. Ile nafuu nilijua ni ya nini.

Babu naye alikuwa na sababu zake, na alizirudia kwa bibi yako chumbani nikisikia. Mtoto wa kike akilala mahabusu, jina lake halisafiki tena. Nani atamuoa? Yeye mtu mzima atastahimili, akasema. Alidhani sheria ni jiwe, likimwangukia mtoto linamsaga, na kwamba kazi ya baba ni kusimama chini yake.

Basi wazee wa ukoo wakampeleka msibani na kondoo, kijiji cha ng'ambo ya mbuga, kama desturi yetu inavyotaka, ili mkosaji aonane na waliofiwa. Mjane alikuwa kijana bado, ana watoto wawili. Babu akapiga magoti mbele yake, mbele ya watu wote, akaomba. Yule mama akamwekea mkono kichwani akasema amemsamehe. Wanawake wakalia. Mimi nilikuwa nyuma pamoja na wasichana waliokwenda kuteka maji, nimesimama na ndoo kichwani, namtazama baba yangu akipokea msamaha uliokuwa wangu.

Mahakamani hakubishana. Alisomewa shitaka la kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, akasema ni kweli, akapewa kifungo cha mwaka mmoja na nusu na leseni ikazuiwa. Bibi yako akalima peke yake. Nilikwenda kumwona gerezani kila nilipopata nafasi, naye aliniuliza habari za ndama tu. Kijijini watu walinihurumia, mtoto wa watu, baba yake kafungwa. Waliniletea maziwa, wakanipigia magoti kwenye maombi. Nilihurumiwa kwa kosa langu mwenyewe, na nikanenepa.

Unacheka? Cheka, ndio ukweli. Nilinenepa wakati baba yangu anakondeana.

Miaka saba ikapita. Nikaolewa na huyu baba yako, hapa Shelui, nikawa na mimba yako. Siku moja nipo mnadani nachagua kitenge, mwanamke akanishika mkono, akanisalimia kwa furaha, akanitazama tumbo. Alikuwa yule mjane, Bibi Tabu.

Naam, huyo huyo. Bibi Tabu wako, ambaye tunakwenda kwake kila baada ya mavuno, ambaye ulikaa kwake likizo zote za darasa la nne ukarudi huli mboga nyingine ila mlenda. Hukuwahi kuniuliza ni bibi yako kwa upande gani. Watoto mkishapewa chakula mahali, ukoo hamuulizi.

Siku ile mnadani alimsifia baba yangu. Alisema wengine wakigonga watu wanakimbia, lakini baba yangu ni mtu, alikuja mwenyewe akapiga magoti. Kisha akatoa jogoo kwenye kapu lake akanipa, akasema huyo ni wa uzazi, nikijifungua nichinjiwe ninywe supu. Nikampokea. Ningefanyaje?

Jogoo yule alikaa kwetu siku tisa. Alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni akanitazama kwa jicho moja, na mimi nikaamini kabisa kwamba ananijua. Baba yako akashauri tumchinje, nikamwambia akimgusa nitarudi kwetu. Siku ya kumi nikamkumbatia jogoo, mimba ya miezi saba mbele, nikavuka mbuga kwa miguu mpaka kwake Bibi Tabu.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kigoda. Nilijua nikikaa sitasema. Nilitegemea atalia, na ikiwa Mungu ni mwema, atanikumbatia. Unaona nilivyokuwa bado mtoto. Bibi Tabu alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, nikasikia anagonga sufuria, akatoka. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Mlinifanya nimsamehe mtu ambaye hakunikosea kitu," akasema. "Miaka saba ninamwombea. Leo wewe unakuja kutaka msamaha mwingine. Unadhani ninaupika humu ndani?"

Akanifukuza. Jogoo akabaki naye, mimi nikaambiwa nirudi na baba yangu.

Babu alikataa wiki mbili. Alisema yeye ameshayamaliza, kwa nini nafukua. Mwishowe bibi yako alimwambia kama hataki, atakwenda yeye. Tukaenda wote. Bibi Tabu alitusema tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, amesimama, mikono kiunoni, na sisi tumekaa chini. Alisema tulimdharau. Alisema sisi tuliamua nani afungwe, nani asamehewe na nani adanganywe, tukagawana kama nyama, na yeye mwenye maiti hatukumpa hata kipande. Babu yako, aliyetoka gerezani bila kudondosha chozi, siku hiyo alilia.

Bibi Tabu alipochoka akakaa. Akaniambia nieleze ilivyokuwa hasa. Nikamweleza kila kitu, honi, kioo, neno la baba, na jinsi nilivyoongeza. Akauliza swali moja: je, marehemu alisema lolote?

Mwanangu, hapo ndipo niliposhikwa na woga kuliko siku ya ajali. Kwa sababu alisema. Babu alipokimbia kuita watu mimi ndiye niliyebaki naye, na nilisikia, na katika miaka saba sikumwambia mtu yeyote. Babu alikuwa amenikataza kufungua mdomo juu ya siku ile nisije nikajichanganya. Kwa kujilinda tulikuwa tumemfungia mjane maneno ya mwisho ya mumewe. Nikamwambia: "Alisema, kuku wangu, usiwaache wakapotea."

Bibi Tabu akanitazama. Akaanza kucheka, Yona. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akijipiga paja, akasema ni yeye huyo, ni yeye kabisa, hata anakufa anachunga kuku. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaita watoto wake waje wasikie, nikarudia tena. Babu akawa hajui acheke au aendelee kulia, akafanya vyote.

Tulipoaga, Bibi Tabu hakusema amenisamehe. Alinishika tumbo akasema akizaliwa wa kiume ataitwa Yona. Hakuomba, alitangaza. Akaongeza kwamba nikikulea ukawa mpumbavu wa barabarani atakuja kukuchukua mwenyewe. Mpaka leo neno la msamaha hajalitamka, na mimi niliacha kulisubiri, kwa sababu alianza kunitumia mayai, na mtu hakutumii mayai kwa ubaya. Wewe anakuita "mume wangu" na unacheka tu, kwa kuwa kila bibi anamwita mjukuu wake hivyo. Sasa unajua yeye anaposema anamwona nani.

Umekuwa ukidhani jina lako ni la yule wa kwenye tumbo la samaki. Hata baba yako nilimwambia hivyo, akaja kujua ukweli ulipokuwa na meno mawili. Alisema jina lenyewe zuri, tuendelee.

Miaka michache iliyopita alikuja mama mmoja, msaidizi wa kisheria, akatoa elimu kwenye mkutano wa kata. Watu walipotawanyika nikamfuata, nikamwambia nina rafiki yangu. Nikamweleza yaliyompata rafiki yangu. Akanieleza taratibu kwamba mtoto wa miaka kumi na mitano, hata zamani zile, sheria ilikuwa na namna yake ya kumtazama. Angefikishwa kwa hakimu akiwa na mzazi wake, angeulizwa, na huenda angewekwa chini ya uangalizi badala ya kufungwa. Na mzazi aliyempa gari mtoto asiye na leseni angejibu kosa lake mwenyewe, hilo la kumpa gari. Lakini kumdanganya polisi kuhusu dereva, akasema, hilo ni kosa jingine, na wamelifanya wote wawili. Kisha akaniuliza kama huyo rafiki yangu anaishi hapa hapa Shelui. Nikamwambia amehama. Akasema nimsalimie.

Nilitembea kurudi nyumbani polepole. Sisemi sheria ingekuwa tamu. Huenda hakimu angekuwa mkali, huenda jina langu lingeharibika kweli, nisiolewe, nawe usingezaliwa, ukakosa kunisumbua. Ila sheria ilikuwa imemwekea kila mmoja wetu kiti chake, na sisi tukabadilishana kwa nguvu. Baba yangu alikaa gerezani kwa kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya hakuna aliyemuuliza.

Hilo la mwisho si maneno yangu, ni yake. Wiki iliyopita nilimfuata, amekaa nje anachonga mpini wa jembe, nikamwambia kabla hujaondoka nakuandikia yote. Alikasirika. Alisema yeye aliyatumikia hayo yakaisha. Nikamwambia hayakuisha, kwa sababu kule Sekenke ameyafanya tena, na mjukuu amerudi nyumbani akiamini kwamba kiti cha dereva kina mtu wa akiba.

"Mimi ni baba," akasema. "Mtoto akianguka, baba akae wapi?"

"Ungebaki kwenye kiti chako, baba. Pembeni yangu."

Akaendelea kuchonga. Alichonga mpaka nikaogopa atabakiza kijiti cha meno. Kisha akasema nikuandikie, ila niandike vizuri. Nikwambie kwamba funguo alitoa yeye, na kwamba si polisi, si hakimu, si wazee waliopeleka kondoo, hakuna aliyemuuliza habari za funguo. Na nikwambie kwamba alisema punguza, lakini alilisema huku anacheka, kwa sababu na yeye alikuwa anataka wale watu watuone. Mwanangu, hilo nilikuwa nimelisahau. Au sikuwahi kuliona, kwa kuwa nilikuwa natazama kioo.

Bado kuna jambo sijalimaliza. Mbele ya sheria, karatasi za zamani zinasema dereva ni babu yako. Nimewahi kutaka kwenda kuzirekebisha, nikaogopa kumrudisha mzee wa watu kwenye vyumba vya mahojiano kwa sababu ya uongo aliousema kwa ajili yangu. Inawezekana hiyo ni huruma, na inawezekana ni ile ile nafuu ya zamani imevaa nguo mpya. Siwezi kukuambia ni ipi. Nikijua, nitakwenda.

Sasa wewe. Umetimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo kwako hakuna kutazamwa kama mtoto, ni kizimba tu cha watu wazima. Unakwenda kusomea ufundi wa magari, na mjomba wako, kwa mapenzi yake, funguo za gari zake mbili anazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango kama kofia. Baada ya miezi miwili atakwambia chukua hilo dogo ukalete mkaa. Najua wewe unaendesha vizuri. Nilikuona siku moja ukirudisha pikapu nyuma kwenye uchochoro wa mashine ya kukamua alizeti, moyo ukanipasuka kwa fahari, na papo hapo nikashikwa na woga, maana niliwaona vijana wanakushangilia. Siogopi kwamba hujui. Wasiojua huenda polepole. Naogopa utakapojua kiasi cha kusifiwa.

Bibi yako alikuwa na msemo wake, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwetu haikuwa hivyo hasa. Babu alichelea mimi nisilie, akalia Bibi Tabu, mtu ambaye hakuwa na habari na sisi, na watoto wake wawili wakakua bila baba. Mmoja unamfahamu, Mjomba Eliya, fundi baiskeli, aliyekutengenezea ile ya kwanza na akakukataza kupakia mtu. Ulimwona mkali. Sasa rudia kumtazama.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako jioni hii, uisome leo, si ndani ya basi. Sitaki uwe na hasira na mimi Manyoni huko ambako siwezi kukuona. Kasirika hapa hapa nyumbani, pana nafasi. Ukitaka kuniuliza lolote nipo jikoni, nakukaangia kuku wa njiani. Kesho babu atakuja kukusindikiza, na Bibi Tabu amesema atavuka mbuga mapema. Utakavyowaamkia ni juu yako, umekua.

Babu ameniahidi kwamba hatapanda tena bodaboda kwenda kukukalia kiti. Ameahidi kwa kunung'unika, lakini ameahidi. Na mimi nina ahadi yangu.

Siku hiyo, ambayo namwomba Mungu asiilete, ukinipigia simu nitakuja, popote itakapokuwa. Nitakuja na baba yako. Nitakuletea chakula mahabusu, na sitakuuliza kwa nini mbele za watu. Mahakamani nitakaa benchi la mbele unione. Tukienda kwa waliofiwa, utapiga magoti wewe, na mimi nitapiga magoti pembeni yako. Lakini askari atakapouliza nani alikuwa anaendesha, nitanyamaza nikungoje ulitaje jina lako mwenyewe. Nitakungoja sana, mwanangu. Na ukishindwa kulitaja, nitalitaja mimi, nikiwa nimekushika mkono.

Mama yako,
Ruthi